Kompyuta ya Kirumba iliyogoma wakati wa giza

Malalamiko yalikuwa haya: kompyuta ya mezani ya studio ndogo ya video pale Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la dagaa la Mwaloni, inapiga kazi mchana kutwa bila neno, ikifika jioni inaanza vituko. Mara skrini ya bluu. Mara inajizima na kujiwasha yenyewe. Mara inastaki, picha imeganda na sauti inakoroma kwenye spika mpaka mtu aishikilie swichi. Mwenyewe ni kijana anayehariri video za harusi, sendofu na kipaimara. Mchana anachagua na kukata vipande, usiku anaiacha mashine irenda, yaani iviunganishe vipande kuwa video kamili, ili mteja akija asubuhi akute kazi tayari. Siku hizi akija asubuhi anakuta mashine imejiwasha upya, programu imefungwa na faili limeishia katikati.

Kila aliyemuuliza alimpa jibu moja, umeme. Akanunua stabilaiza. Hali ikabaki vile vile.

"Kaka, jioni umeme wa huku unachoka," aliniambia. "Hata taa unaziona zinafifia."

Hilo la taa ni kweli, nililiona kwa macho. Lakini mashine ile ilikuwa imeovaklokiwa, yaani imelazimishwa kukimbia kuliko spidi ya kiwandani, na mashine iliyoovaklokiwa haitafutiwi mchawi nje kabla haijarudishwa kwenye spidi yake ya kiwandani. Mafundi wengi hawaulizi swali hilo kabisa. Wanabadilisha pawasapulai, wanabadilisha RAM, wanapiga Windows upya, na pesa ya mteja inakwisha huku setingi zile zile zimekaa ndani ya BIOS, programu ya msingi ya mazabodi, zinawatazama.

Kilichokuwa ndani ya boksi

Prosesa ni Ryzen 5 2600, toleo la mwaka 2018, kori 6, yaani sehemu zinazofanya hesabu, na nyuzi 12 za kazi. Spidi yake ya msingi ni 3.4 GHz, na kori moja au mbili zikiwa na kazi hujipandisha yenyewe hadi 3.9. Kazi ikizijaza kori zote, hutulia kwenye 3.6 au 3.7 hivi. Mazabodi, bodi kuu inayobeba vyote, ni ya B450, ya daraja la chini. RAM ni vipande viwili vya GB 8 vilivyoandikwa spidi ya 3200. Kipoozeo ni kile kile kinachokuja na prosesa, Wraith Stealth, bonge la alumini tupu lenye feni juu, lililokusudiwa prosesa ya wati 65.

Mwenyewe, akisaidiwa na rafiki yake na video za intaneti, alikuwa amefanya mambo matatu usiku mmoja. Alifunga kori zote kwenye 4.1 GHz kwa volti 1.35. Akawasha profaili ya RAM ili ikimbie 3200 badala ya 2400. Kisha akaingia kwenye ile orodha ndefu ya nyakati za RAM akaishusha namba moja, tRFC, hadi 280, kwa sababu jamaa wa kwenye video alifanya hivyo na mashine yake ikapaa. Jaribio lake la kuhakikisha lilikuwa kucheza mechi kadhaa za mpira kwenye kompyuta. Ilicheza vizuri, akaona mambo safi.

Sina ugomvi na kuovakloki. Kwa mtu ambaye hana hela ya prosesa mpya ni njia halali ya kubana matumizi. Ila mabadiliko matatu kwa mpigo yanazaa tatizo ambalo dalili zake zinachanganyika, na mchezo wa mpira hauzibani kori zote sita kama inavyofanya kazi ya kurenda.

Tuweke sawa kinachotokea. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo. Kwenye 4.1 GHz pigo moja linachukua chini ya robo ya nanosekunde, na ndani ya muda huo ishara zote lazima ziwe zimefika zinakokwenda. Kiwanda huacha akiba: spidi ndogo kuliko uwezo, volti kubwa kuliko lazima, ili chipu dhaifu kuliko zote kwenye kundi nayo ifanye kazi hata ikipata joto. Anayeovakloki anaila akiba hiyo. Ukiongeza volti, swichi za ndani zinageuka haraka zaidi, lakini joto linapanda kwa kasi, maana wati zinafuata volti mara volti mara spidi. Na chipu ikiwa moto, spidi ile ile inadai volti kubwa zaidi. Kwa hiyo setingi inayosimama saa nne asubuhi inaweza kuanguka saa mbili usiku bila mtu kugusa kitu.

Kesi dhidi ya umeme

Nilichomeka multimita kwenye soketi. Mchana ilisoma volti 228, jioni ikazunguka 200, ikigusa hata 196 jirani alipowasha kitu kizito. Ni umeme mdogo, hakuna ubishi. Ila kabla ya kuuhukumu, soma kibandiko cha pawasapulai. Hii iliandikwa 100 hadi 240. Ya namna hiyo ukiipa 196 inavuta ampia zaidi kidogo, basi, upande wa pili inatoa volti 12 zile zile. Kama ingeandikwa 200 hadi 240 tu, na zipo nyingi madukani, ningeishuku kwanza yenyewe. Stabilaiza niliiondoa kabisa. Ilikuwa ya zile za bei rahisi zinazogonga tak-tak kila umeme ukiyumba, na kila inapogonga umeme unakatika kidogo, nayo pawasapulai inalazimika kuvumilia. Kwa mashine hii ilikuwa inaongeza kelele bila kuleta faida.

Ushahidi wenyewe ulikuwa kwenye kumbukumbu za matukio za Windows. Kila mashine ikifa ghafla, ikiwaka tena inaandika tukio la Kernel-Power namba 41. Watu wakiona neno "Power" wanasema si unaona, umeme huo! Hapana. Tukio hilo linasema tu kwamba Windows haikuzimwa kwa utaratibu. Fungua upande wa maelezo utafute mstari wa BugcheckCode. Ukikuta 0, basi au umeme umekatika, au mashine imestaki mpaka mtu akaizima kwa swichi. Ukikuta namba nyingine, Windows iliona hitilafu, ikapata wasaa wa kuiandika, ndipo ikafa, na umeme ukikatika wasaa huo haupo.

Sifuri zilikuwepo chache, nyingi zikilingana na siku alizoizima kwa mkono. Zilizobaki zilikuwa za aina mbili, 292 na 26. Namba hizi zimeandikwa kwa hesabu ya kawaida ya kumi, wakati skrini ya bluu huziandika kwa hesabu ya kumi na sita. Hivyo 292 ni 0x124, yaani prosesa yenyewe imeripoti hitilafu ya vifaa, na 26 ni 0x1A, yaani usimamizi wa kumbukumbu ya RAM umekuta vitu visivyolingana. Pembeni ya zile 292 kulikuwa na tukio la WHEA-Logger namba 18 likitaja kache, kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa.

Aina mbili za vifo. Hapo nikaanza kuhisi kwamba hatutafuti kosa moja.

Kalenda ya mama

Mama yake kijana anauza dagaa Mwaloni, na jioni hupitia studio kabla ya kwenda nyumbani. Alinikuta nimeinamia mashine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekipatia dawa? Maana hicho kinasumbua wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwepo kinatulia."

Kijana alicheka. Mimi nilifungua simu. Mama huyu mwezi wake wote umegawanyika hivyo. Siku za giza mitumbwi inaingia ziwani na taa, dagaa wanazifuata, asubuhi vichanja vinajaa. Siku za mbalamwezi taa hazina kazi na wavuvi wanapumzika. Biashara yake yote inakwenda kwa hesabu hiyo, kwa hiyo akisema kitu kinatokea wakati wa giza, hasemi kwa kubahatisha. Nikaziweka tarehe za zile 292 na 26 kando ya kalenda ya mwezi. Hazikulingana zote, lakini rundo kubwa lilikuwa limeangukia siku za mwezi mchanga na zile zinazoizunguka. Umeme wa mtaa haufuati mwezi.

Wanaofuata mwezi ni wadudu wa ziwani. Wanaokaa kando ya Victoria wanawajua: wale wadogo wanaoinuka juu ya maji kama moshi, halafu usiku wanavamia kila penye taa. Hutoka kwa mafungu, na mafungu makubwa yanakuja mwezi ukiwa mchanga. Studio ina dirisha moja kubwa upande wa ziwa, na wavu wake ulichanika zamani. Wakati wa mbalamwezi linaachwa wazi, upepo wa ziwa unapita. Wakati wa giza, taa ikiwashwa tu dirisha linafungwa na mlango unafungwa, kwa sababu vinginevyo wadudu wanajaa mezani, kwenye kikombe cha chai, kwenye lenzi za kamera. Chumba ni cha bati lisilo na dari. Skrini mbili, mashine, watu wawili. Kipimajoto nilichoweka juu ya meza kilisoma nyuzi 27 dirisha likiwa wazi, na likifungwa kilipanda taratibu hadi 33.

Kila nyuzi inayoongezeka chumbani inaongezeka pia ndani ya boksi. Na ndani ya boksi hali ilikuwa mbaya kuliko nilivyotarajia. Nilipoing'oa feni ya kipoozeo, kati ya mapezi ya alumini kulikuwa na utando wa rangi ya majivu, vumbi la barabara limeshikana na miili mikavu ya wadudu hao, umeziba kama chujio la chai lisilooshwa. Ukiugusa unatoka kipande kizima, na ukikitazama kwa mwanga unaona mabawa. Pembeni pembeni hewa ilikuwa bado inapita. Katikati, juu ya prosesa kabisa, hapakuwa na njia.

Nilisafisha, nikapaka pesti mpya. Ningeweza kuishia hapo, na wapo ambao wangeishia hapo: mashine ingetulia wiki kadhaa, mteja akalipa, giza lililofuata akarudi. Joto lilikuwa linaifunua hitilafu iliyokuwepo tayari. Kuovakloki kunakosimama tu chumba kikiwa na upepo hakujasimama.

Kuanza na sifuri

BIOS nikairudisha kwenye setingi za kiwandani, yote, kwa kuiondolea kumbukumbu yake. Kisha dirisha likafungwa makusudi, mchana wa jua, mashine ikaachiwa Prime95, programu ya kuibana prosesa kwa hesabu nzito, kwa hali ya mchanganyiko mpaka usiku. Haikutikisika. Hatua hii inaonekana kama kupoteza muda, lakini bila hiyo huwezi kujua kama una kifaa kibovu au una setingi mbovu. Sasa tulijua: vifaa ni vizima.

Wengi wanaanza na prosesa. Mimi naanza na RAM, kwa sababu RAM mbovu inaudanganya hata mtihani wa prosesa, ila ukishaijua RAM ni safi, kosa litakalofuata lina mahali pamoja tu pa kujificha.

Basi prosesa ikabaki ya kiwandani, RAM ikarudishiwa setingi zake za zamani, 3200 na tRFC 280. MemTest86, programu ya kupima RAM, ikapita raundi zake zote bila kosa. Kijana akafurahi. Mimi sikufurahi, kwa sababu MemTest86 inaendeshwa nje ya Windows, kadi ya picha imelala, ndani ya boksi kumepoa. RAM inapimwa ikiwa imepumzika. Nikaingia Windows, nikawasha mtihani wa RAM wa ndani na mzigo kwenye kadi ya picha kwa pamoja, dirisha limefungwa. Makosa yakaanza kutokea baada ya boksi kupata joto, machache, moja moja, kila mara biti moja tu imegeuka.

Kilichomshtua mwenye mashine hakikuwa namba za mtihani. Nilimwomba faili moja kubwa la video kutoka kwenye kadi ya kamera, nikalinakili kwenye diski mashine ikiwa moto, nikapiga amri ya certutil ya kutoa alama ya SHA256 ya nakala, yaani alama ya kidole ya faili. Nikafanya hivyo hivyo kwa faili lililoko kwenye kadi. Alama hazikulingana hata kidogo, mistari miwili ya herufi na namba isiyofanana mwanzo wala mwisho. Akasogeza kiti.

"Yaani hii si faili lile lile?"

"Ndilo, bwana mdogo. Lakini njiani limepita kwenye RAM, na kuna biti imebadilika."

Akaniambia ndipo alipoelewa vile vibonge vya kijani vinavyotokea sekunde moja katikati ya keki ya harusi. Alikuwa anailaumu kadi ya kamera, ameshanunua mbili mpya.

Sasa tRFC ni nini. Ndani ya RAM kila biti ni chaji ndogo ya umeme kwenye kitunzio kidogo mno, na chaji hiyo inavuja. Kila baada ya muda mfupi RAM lazima isimame, isome safu na kuiandika upya kabla haijafifia. tRFC ni muda unaoruhusiwa kwa kazi hiyo, ukihesabiwa kwa mapigo. RAM ya 3200 inakwenda na saa ya 1600 MHz, kwa hiyo pigo moja ni nanosekunde 0.625. Kiwango cha kawaida cha chipu za gigabiti 8 ni nanosekunde 350, sawa na mapigo 560. Yeye alikuwa ameandika 280, yaani nanosekunde 175. Zipo chipu zinazoweza hiyo, hasa zile za Samsung zinazoitwa B-die, na bila shaka jamaa wa kwenye video alikuwa nazo. RAM ya kijana ilikuwa na chipu za kampuni nyingine. Inaitwa 3200 kama ile, ina rangi nzuri kama ile, lakini kwenye namba hii haiwezi kuifuata. Na joto likipanda, chaji inavuja haraka zaidi, akiba iliyobaki inaisha. Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo: kanuni ya DDR4 inataka RAM ikivuka nyuzi 85 ihuishwe mara mbili zaidi.

Nilirudisha tRFC kwenye otomatiki, ikasoma 560. Makosa yakakoma, 3200 ikiwa pale pale, boksi likiwa moto vile vile. Kwa maneno mengine zile 26 zilitokana na namba moja iliyonakiliwa kutoka kwenye mashine ya mtu mwingine.

Zamu ya prosesa

RAM ikiwa safi, prosesa ikarudishwa 4.1 GHz kwa volti 1.35. Hapa natumia Prime95 kwa hali ya FFT ndogo. Hesabu zake zinaenea ndani ya kache, RAM haiguswi kwa kiasi cha maana, na kori zinakamuliwa ipasavyo. Programu yenyewe haikutungwa kwa ajili ya mafundi. Ni ya mradi wa GIMPS, ulioanza mwaka 1996, wa kutafuta namba tasa kubwa za Mersenne. Inazidisha namba ndefu mno kwa hesabu za desimali, na jibu la kila hatua lazima liangukie karibu kabisa na namba kamili. Likikaa mbali mno, programu inajua kuwa prosesa imekosea kuhesabu. Ndiyo maana inafaa kuliko mtihani unaosubiri mashine izime: inakamata uongo kabla ya kifo.

Haikuchukua muda. Mfanyakazi mmoja, ndivyo programu inavyoiita hesabu inayoendeshwa kwenye kori, alisimama na ujumbe kwamba mkadirio ni 0.5 wakati ulitakiwa uwe chini ya 0.4. Wengine wakaendelea. Nikarudia, akaanguka yule yule. Hiyo ni habari njema kwa mpimaji. Kosa linaloruka kila mahali linanuka volti ya jumla au RAM, kosa linalorudi kwenye kori ile ile linaonyesha kori dhaifu, na ukizifunga kori zote kwenye spidi moja unafungwa na iliyo dhaifu kuliko zote.

Nikatazama HWiNFO, programu ya kusoma joto na volti. BIOS ilikuwa imeambiwa 1.35, lakini chini ya mzigo prosesa ilikuwa inapata 1.27. Hili si kosa la mtu. Mazabodi kwa kawaida huacha volti ishuke kidogo mzigo unapoingia, na hizi za bei ya chini hushusha zaidi. Kijana alidhani ameovakloki kwa 1.35. Alipokuwa anacheza mpira, ni kweli, alikuwa karibu na hapo. Alipokuwa anarenda, alikuwa kwenye 1.27 na joto la nyuzi 94, wakati kikomo cha prosesa hii ni 95. Volti inashuka saa ile ile inayohitajika zaidi. Kurenda kwake kulikuwa kwa prosesa, si kwa kadi ya picha, na hesabu pana za AVX zinazotumiwa na programu hizo ndizo zinazobana kuliko zote.

Njia zilikuwa tatu. Kwanza, kuongeza volti: haiwezekani na kipoozeo kile, joto tayari limegota. Pili, kupandisha setingi ya LLC inayoizuia volti isishuke. Inasaidia, nami niliipandisha hadi ngazi ya kati, lakini kuipeleka juu kabisa sikubali. Mzigo unapoachiwa ghafla volti inaruka juu ya uliyoiandika, na sehemu za umeme za mazabodi ile hazina hata bati la kupoozea. Tatu, kupunguza spidi.

Hii ya tatu watu hawaipendi, wanaona kama kushindwa. Hesabu inasema vingine. Ukiishikilia 4.1 kwenye 1.35 ya kweli, ukailinganisha na 3.9 kwenye 1.25, spidi imezidi kwa asilimia 5 na joto limezidi kwa asilimia 22 hivi. Kazi ya saa nzima kwenye 4.1 inakuwa dakika 63 kwenye 3.9. Mashine ikifa mara moja kwa usiku, umepoteza usiku mzima kwa kuzikimbilia dakika tatu.

Tulianza na 3.9 na volti ya juu, tukaishusha kidogo kidogo mpaka yule mfanyakazi dhaifu akaanguka, kisha tukapanda juu ya hapo na kuacha akiba. Ikatulia kwenye 1.275 ndani ya BIOS, ikisoma karibu 1.25 chini ya mzigo. Dirisha limefungwa, Prime95 inagusa nyuzi 87, kurenda kwa kawaida hakuvuki 80. RAM nilimwachia 2933, ambayo ndiyo spidi ambayo AMD yenyewe inaitambua kwa prosesa hii, ingawa 3200 ilikuwa imepita. Alilalamika kidogo.

"Fundi, RAM nimenunua ya 3200."

Nikamwambia anachouza ni harusi za watu, na harusi hairudiwi. Kama mashine ingekuwa ya kuchezea tu, ningemwachia 3200 na nisingegombana naye hata kwa 4.0.

Yaliyobaki

Sasa mashine imeshapita giza lingine, dirisha limefungwa, na kwenye kumbukumbu za matukio hakuna 292 wala 26. Kuna 41 moja yenye 0, ya siku umeme ulipokatika mtaa mzima, na hiyo ni haki yake. UPS ndogo, kisanduku cha betri ya akiba, itamfaa kwa siku kama hizo kuliko ile stabilaiza, mradi iwe inayoendana na pawasapulai yake. Baadhi ya UPS za bei ya chini hutoa wimbi la umeme la ngazi ngazi zikihamia betri, na pawasapulai nyingine zikiona hilo zinazima.

Kazi iliyotuchosha ilikuwa mafaili. Kila kilichopita kwenye mashine ile tangu usiku wa zile setingi tatu kilikuwa mshukiwa, hata kama kinafunguka. Kazi ambazo kadi zake zilikuwa bado hazijafutwa tulizinakili upya na kulinganisha alama za SHA256. Ambazo kadi zilishafutwa, alilazimika kuzitazama zote, na alipokuta kibonge cha kijani akafunika kwa picha ya kamera ya pili. Ipo harusi moja ya Igoma ambayo kamera ya pili haikuwepo. Wenyewe bado hawajagundua, naye hajaamua kama atawaambia. Nimemshauri aseme.

Wavu wa dirisha umebadilishwa na fundi wa mtaani, bei yake haifiki robo ya kipoozeo kipya. Kipoozeo nacho anakitafuta, cha mnara, chenye mabomba ya shaba, akipata kilichotumika kwa bei nzuri. Kikifungwa ameniomba turudi kwenye 4.0. Tutaanza na RAM ikiwa 2933 bila kuigusa, volti 1.30, LLC pale pale ilipo, na Prime95 tutaiwasha siku ambayo mama amesema giza limeingia.